Chupa ya Dawa na Pikapu ya Mkulima

Msomaji, ukifika Kitale siku ya soko, ukapita mbele ya maduka yanayouza vipuri vya magari, utaona katika rafu zao chupa ndogo za rangi nyingi, zimepangwa kama dawa katika duka la madawa. Nyingine zimeandikwa kuwa ni za petroli, nyingine za dizeli. Mwenye duka atakuambia kwamba ukimimina chupa moja katika tangi la gari, injini itatakata, moshi utapungua, na safari iliyokula lita kumi itakula chache zaidi. Mkulima aliyeleta mahindi yake kwa pikapu, naye ana safari ya kushuka Bungoma kabla ya jua kutua, akipitia Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye, huyasikiliza maneno hayo kwa moyo wa tumaini. Pikapu yake inakohoa vilimani. Katika bodi ya pikapu hiyo mna karo ya watoto wake na mbolea ya msimu ujao. Ikilala njiani na mzigo, hasara haitamngoja hata kesho. Basi hutia mkono mfukoni akanunua.

Sikusudii hapa kumsifu muuza chupa wala kumshutumu. Nataka tuulize swali ambalo mnunuzi hana nafasi ya kuliuliza akiwa amesimama pale dukani: uchafu huu ambao dawa inadai kuuondoa ulitoka wapi? Jibu lake ni habari ya zaidi ya miaka mia moja, nayo inapita Marekani, Mombasa na Nairobi, na mwishowe inaingia hata katika taa ya nyumba ya maskini. Ndani ya habari hiyo utaliona jambo moja likirudi mara kwa mara. Uchafu wa injini haukuondolewa duniani. Ulihamishwa kutoka mahali hadi mahali, na kila ulipohamishwa palikuwa na mtu wa kulipa.

Tuanze na debe. Neno hili tulilipata kutoka lugha za Bara Hindi, na kitu chenyewe kililetwa pwani yetu kikiwa kimejaa mafuta. Petroli na mafuta ya taa yalisafirishwa baharini katika makopo ya bati ya galoni nne, ambazo ni kama lita 18, na makopo mawili yalitiwa katika sanduku moja la mbao. Mafuta yalipokwisha, bati halikutupwa. Lilikuwa ndoo ya maji, lilikuwa paa la nyumba, lilikuwa ngoma ya watoto, na zaidi ya yote lilikuwa kipimo. Hata leo ukinunua mahindi katika soko la Kitale au la Chwele utasikia bei ikitajwa kwa debe, na ni wachache wanaokumbuka kwamba kipimo hicho cha chakula chetu ni kopo la mafuta ya mgeni.

Debe hilo lilikuwa na safari ndefu. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini nyanda za Uasin Gishu na Trans Nzoia zilingoja. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na tawi lake likafika Kitale mwaka 1926. Njia kuu nayo ikapita Bungoma kwenda Uganda, ikafika Kampala mwaka 1931. Kabla ya hapo mizigo ya Kitale ilikokotwa na ng'ombe katika matope. Kopo la bati lililotikiswa hivyo kwa majuma mengi lilipata kutu, likaingia maji, na petroli iliyotoka ndani yake haikuwa safi. Madereva wa zamani walijua la kufanya. Waliweka mdomoni mwa tangi kipande cha ngozi laini, aina ambayo hupitisha petroli na kuzuia maji, kisha wakamimina polepole. Kwa hiyo usafishaji wa kwanza wa injini katika nchi yetu haukuhitaji chupa wala kemia. Ulihitaji ngozi na subira.

Kisha kuna jambo la hewa, ambalo watu wa Kitale wangefaa kulijua kuliko wengine. Mji huo uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma iko chini yake kwa mita kama mia tano hivi. Huko juu kani ya hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Injini huvuta hewa na mafuta pamoja, nayo yanapaswa kulingana. Kabureta iliyotengenezwa kwa nchi ya chini, ikipelekwa Kitale, huendelea kutoa petroli ile ile huku hewa ikiwa chache. Petroli ya ziada haiungui yote, bali hugeuka masizi meusi, ikaziba plagi na kupaka vali. Fundi mwenye ujuzi alifungua kabureta akaweka jeti yenye tundu dogo zaidi, na gari likapona. Fundi asiye na ujuzi alilaumu petroli kwa kosa la mlima. Magari ya siku hizi yana kifaa katika njia ya moshi kinachopima oksijeni na kuiarifu injini ipunguze mafuta, hivyo kosa hili limepungua sana. Lakini pikapu kuukuu zenye kabureta bado zingalipo mashambani, na katika hizo chupa ya dawa hutibu homa bila kumfukuza mbu.

Sasa tuvuke bahari. Tarehe 9 Desemba, mwaka 1921, mjini Dayton, Marekani, mtafiti wa kampuni ya General Motors aitwaye Thomas Midgley alipata alichokuwa akikitafuta kwa miaka kadhaa. Injini za wakati ule zilikuwa na ugonjwa wa kugonga: mafuta yalilipuka ndani ya silinda kabla ya saa yake, pistoni ikapigwa kama kwa nyundo, na kwa sababu hiyo wahandisi hawakuweza kuunda injini yenye nguvu zaidi. Midgley aliona kwamba kiasi kidogo sana cha mchanganyiko wa risasi kikitiwa katika petroli, kugonga kunakoma. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923.

Lakini risasi ikiungua haitoweki. Iliganda juu ya vali na plagi kama ukoko chini ya sufuria, na injini iliyokuwa imeponywa kugonga ikaanza kufa kwa kuzibwa. Basi wakaongeza dawa nyingine yenye bromini ndani ya dawa ya kwanza. Kazi ya bromini ilikuwa kuishika risasi wakati wa moto, kuigeuza iwe kitu kinachopeperuka, na kuitoa nje pamoja na moshi.

Tulia hapa kidogo, msomaji, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Injini ilisafishwa kweli. Vali zilitakata. Risasi iliyoondolewa humo ilikwenda wapi? Ilikwenda barabarani, ikaingia vumbini, ikatua juu ya mboga zilizouzwa kando ya njia na juu ya mikono ya watoto waliocheza hapo. Dalili zilionekana mapema sana. Mwezi wa Oktoba mwaka 1924, katika kiwanda kimoja cha jimbo la New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wakiitengeneza dawa hiyo waliharibika akili, na watano kati yao wakafa. Uuzaji ulisimamishwa mwaka uliofuata, tume ikaitishwa, na mwaka 1926 uuzaji ukaanza tena kama kwamba waliozikwa hawakusema neno. Mwaka 1953 kampuni ya Shell nayo ilianza kuuza Marekani petroli yenye mchanganyiko wa fosforasi, wa kupunguza madhara ya mabaki ya risasi yaliyobaki katika plagi. Ilikuwa dawa juu ya dawa juu ya dawa.

Madaktari wanajua leo kwamba risasi huingia katika ubongo wa mtoto na kupunguza uwezo wake wa kujifunza, na kwamba hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Hebu fikiri, basi. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mbegu ya mahindi chotara ya kwanza ya Kenya, iliyoitwa H611, mbegu iliyoongeza mavuno ya wakulima wengi wadogo. Mahindi hayo yalibebwa sokoni na magari. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalumu, na pikapu nyingi zikawekewa mabenchi na paa, zikawa gari la mzigo asubuhi na gari la watu jioni. Maendeleo hayo yalikuwa ya kweli na yalistahili kushangiliwa. Na katika miaka hiyo yote kila gari la petroli yenye risasi lilikuwa likipanda mbegu nyingine kando ya barabara, mbegu isiyoonekana.

Mwisho wake ulikuja kwa makubaliano. Mwezi wa Juni mwaka 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakaahidi kuiacha petroli yenye risasi. Wenye magari ya zamani waliingiwa na hofu, nayo haikuwa ya kijinga: katika injini za zamani risasi ilifanya kazi ya mto kati ya vali na kiti chake, na bila mto huo kiti laini kingeweza kulika. Hata hivyo ahadi ilitimizwa, na kufikia Januari 2006 petroli ya risasi ilikuwa imekwisha katika vituo vya Kenya. Nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, iliyoacha mwezi wa Julai mwaka 2021. Habari hiyo ilitangazwa tarehe 30 Agosti na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo makao yake yako Gigiri, Nairobi. Tangu petroli ile ilipoanza kuuzwa Dayton hadi siku hiyo ilikuwa imepita miaka 98.

Sasa turudi kwenye chupa. Kilichomo ndani yake, ikiwa ni chupa ya kweli, hakina risasi. Ni jamaa ya sabuni. Mwaka 1954 kampuni moja ya mafuta ya California ilianza kuuza petroli iliyotiwa dawa ya kuzuia uchafu katika kabureta, na tangu hapo elimu hiyo ilikua. Chembe ya dawa hii ina kichwa na mkia. Kichwa hupenda kushika uchafu, mkia hupenda kuelea katika petroli. Hivyo uchafu hung'olewa kidogo kidogo, ukabebwa hadi kwenye moto, ukaungua. Katika miaka ya 1980 kabureta ilianza kuondoka, na injekta ikachukua mahali pake. Injekta hunyunyiza petroli kwa matundu membamba sana, na uchafu mdogo ambao kabureta isingeujali uliweza kuharibu mnyunyizo wote. Ndipo aina bora zaidi za dawa zikatafutwa, na kuanzia mwaka 1995 serikali ya Marekani ikalazimisha petroli yote ya magari nchini humo itiwe dawa ya kusafisha. Angalia, basi, kwamba huko dawa hutiwa na muuza mafuta kabla ya mnunuzi kufika. Kampuni kadhaa za Kenya nazo hutangaza mafuta yao ya bei ya juu kwa sifa hiyo hiyo. Mkulima anayejaza mafuta ya namna hiyo, kisha akanunua na chupa, huenda ananunua sabuni mara mbili kwa shati moja.

Pikapu nyingi za siku hizi hutumia dizeli, na dizeli ina tabia zake. Injini hii haina plagi; hubana hewa hadi ikawa moto sana, kisha mafuta hunyunyizwa humo yakawaka yenyewe. Katika injini za dizeli za karne hii mafuta husukumwa kwa kani inayozidi ile ya hewa tunayovuta zaidi ya mara elfu moja. Pampu na injekta hazilainishwi na mafuta ya injini. Hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Hilo ulikumbuke, kwa sababu litatufaa mbele. Zamani dizeli yetu ilikuwa na salfa nyingi, iliyotoa moshi mbaya na kuzaa asidi iliyokula chuma. Tarehe 1 Januari mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango kipya, sehemu 50 tu za salfa katika kila sehemu milioni. Wakati huo Kenya ilikuwa ikinunua nje mafuta yaliyokwisha kusafishwa, kwa maana kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 1963, kilikuwa kimeacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013.

Mtu angetazamia, basi, kwamba risasi ikiwa imeondoka na salfa imepungua, injini za Kitale na Bungoma zingekuwa na afya njema. Hazikuwa nayo, na sababu yake ilikuwa mafuta ya taa.

Kwa miaka mingi serikali ya Kenya iliyatoza mafuta ya taa kodi ndogo, na nia yake ilikuwa njema, kwani hayo ndiyo yaliyowasha taa na jiko la mtu asiye na umeme. Lakini pengo la bei lilipofunguka kati ya mafuta ya taa na dizeli, wafanya magendo waliingia humo. Mafuta hushuka meli Mombasa, hupita katika bomba lililofika Nairobi mwaka 1978, na kufika Eldoret na Kisumu mwaka 1994. Kutoka hapo malori huyachukua kwenda Kitale, Bungoma, na kuvuka Malaba kwenda Uganda. Katika safari hiyo ya malori ndipo mchanganyiko ulipofanyika. Lori lililobeba mafuta ya kwenda ng'ambo, yasiyotozwa kodi ya Kenya, liliweza kugeuza njia usiku likauza humu humu nchini. Debe la mafuta ya taa lililomiminwa katika tangi la dizeli liligeuka kuwa debe la dizeli kwa bei, ingawa si kwa tabia. Serikali iliweka alama ya kemia katika mafuta ya taa na mafuta ya ng'ambo, ili mkaguzi akipima kituoni amjue mwizi. Vituo vilikamatwa, vikafungwa, lakini faida iliendelea kuwashawishi wengine.

Nilisema ulikumbuke kwamba dizeli huilainisha pampu yake yenyewe. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi vema. Chuma husugua chuma, vumbi la chuma huingia katika injekta, mnyunyizo huharibika, moshi mweusi hutoka, na pikapu hukohoa mlimani. Mwenye pikapu hununua chupa. Dawa iliyomo ndani ya chupa inaweza kung'oa utando. Haiwezi kurudisha chuma kilicholika.

Mwezi wa Septemba mwaka 2018 serikali ilichukua hatua kali. Iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ikalenga kulifunga lile pengo la bei. Pengo lilifungika. Mafuta ya taa yalikaribiana na dizeli kwa bei, faida ya kuchanganya ikanyauka, na uuzaji wake ukashuka sana nchini. Wahandisi na wenye malori walishukuru. Mimi pia naona kwamba injini nyingi ziliokoka. Lakini sikubaliani na wanaoihesabu hatua hiyo kuwa ushindi mtupu. Aliyelipa shilingi 18 hakuwa mwizi wa usiku wa barabara ya Malaba. Alikuwa mama wa kitongoji cha Bungoma aliyezoea kununua mafuta ya taa kwa kibuyu kidogo ili mwanawe asome jioni. Wengine walihamia taa za jua, na hilo lilikuwa jema. Wengine walihamia kuni na makaa, na moshi uliopungua katika ekzosi ukaongezeka jikoni. Ungeweza kuwatafuta wezi kwa bidii zaidi badala ya kuwatoza wote, ijapokuwa nakiri kwamba kazi hiyo ni ngumu kuisema na ngumu zaidi kuitenda katika barabara ndefu yenye malori mengi na wakaguzi wachache.

Mkulima wetu bado amesimama dukani, nasi tumemweka sana. Ikiwa pikapu yake ni ya petroli yenye injekta zinazonyunyizia nyuma ya vali, na ikiwa ugonjwa wake ni utando wa mafuta ya miaka mingi, chupa yaweza kumfaa. Aimimine kabla ya kujaza, ili petroli inayoingia iikoroge. Aifuate kipimo kilichoandikwa, wala asidhani kwamba chupa tatu zinaponya mara tatu. Kisha aende safari ndefu ya kutosha kuipasha injini moto, na ya kushuka Bungoma yafaa kabisa. Ikiwa injini ni ya namna mpya inayonyunyizia petroli ndani ya silinda moja kwa moja, ajue kwamba petroli haipiti tena juu ya vali za kuingizia hewa, hivyo sabuni iliyo katika petroli haitazigusa. Ikiwa ni ya dizeli, asikubali kamwe chupa ya petroli. Ikiwa moshi wake ni wa buluu, hiyo ni oili inayoungua kwa sababu ringi au sili zimechakaa, na fedha za chupa heri azipeleke kwa fundi. Na ikiwa tangi lake ni kuukuu, anunue chujio jipya pamoja na chupa, kwa kuwa dawa ikilegeza taka ya miaka kumi, taka hiyo itakimbilia chujioni, na gari litazimika karibu na Misikhu likiwa safi kuliko lilivyoondoka.

Yako majaribio mawili ambayo hayana bei. Kwa petroli, adondoshe matone machache juu ya karatasi nyeupe, mbali na moto, angoje dakika chache. Petroli nzuri hupaa hewani bila kuacha doa la mafuta. Iliyochanganywa na mafuta ya taa au dizeli huacha doa la ung'avu. Kwa dizeli karatasi haitamwambia neno, kwa maana dizeli yenyewe ni ya kuacha doa. Hiyo aitie kidogo katika chupa ya kioo, aiache juu ya meza usiku kucha. Asubuhi, kama kuna maji, atayaona yamelala chini.